Bushi za Motokaa Kuukuu na Namna ya Kuzibadili Nyumbani



Katika nyumba nyingi za watu wetu mna motokaa moja iliyokwisha kula chumvi nyingi. Ilinunuliwa ikiwa imetumika Japani, ikapita bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na leo umri wake ni miaka ishirini au zaidi. Asubuhi hupeleka watoto shule, mchana huleta mzigo wa duka, Ijumaa humchukua babu msikitini, na pakitokea mgonjwa usiku wa manane hiyo hiyo hugeuka gari la hospitali. Mwenyewe hukagua mafuta, maji ya rejeta na upepo wa matairi, akaridhika kuwa ametimiza wajibu wake. Lakini chini ya motokaa hiyo mna vipande vidogo vya mpira na chuma, vingine si vikubwa kuliko ngumi ya mtoto, ambavyo havionekani wala havikumbukwi, ilhali unyofu wa magurudumu wavitegemea. Vipande hivyo ndivyo viitwavyo bushi.

Makala haya yamekusudiwa mzazi mwenye motokaa ya namna hiyo, na kijana wake mwenye nguvu za kushika spana. Twataka kueleza bushi ni kitu gani, dalili za kuchakaa kwake, na namna ya kuibadili uani kwa vyombo vya kawaida. Na zaidi ya yote twataka kulitia mkazo jambo moja ambalo likikosewa kazi yote huwa bure, nalo ni wakati wa kukaza bolti.

Bushi ni kitu gani?

Mfano ulio karibu ni maungo ya mwanadamu. Mfupa haukutani na mfupa mwenzake hivi hivi. Kati yao pana gegedu, laini kiasi cha kupokea kishindo, ngumu kiasi cha kuiweka mifupa mahali pake. Gegedu ikilika, mtu huumwa na goti na mwendo wake huharibika. Bushi ndiyo gegedu ya motokaa.

Katika motokaa nyingi, mathalan zile Toyota Corolla za miaka ya 1990 ambazo bado twaziona barabarani kwetu, gurudumu la mbele hushikwa juu na shokapu pamoja na springi yake, na chini hushikwa na mkono wa chuma ambao mafundi huuita wishiboni. Ncha ya nje ya mkono huo imeungana na kitovu cha gurudumu kwa bolijointi. Upande wa ndani umeungana na fremu mahali pawili, na kila mahali pana bushi yake.

Ukiikata bushi ya kawaida utaona sehemu tatu: nje mrija wa chuma, katikati mpira, na ndani mrija mwembamba zaidi upitamo bolti. Mpira huo umepikwa pamoja na chuma kiwandani hata vikashikana kama kitu kimoja. Elimu ya kuupika mpira kwa salfa na moto aliigundua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Kabla ya hapo mpira ulikuwa ukilainika na kunata kwa joto, na kukakamaa kwa baridi, usiweze kazi nzito kama hii.

Sasa msomaji na alishike vema jambo hili, maana tutalirudia. Watu wengi hudhani bushi huzunguka kama bawaba ya mlango. Sivyo. Mrija wa ndani umebanwa na bolti katika fremu, hauzunguki hata kidogo. Mrija wa nje nao umebanwa katika tundu la mkono, wala hauzunguki humo. Gurudumu lipandapo tuta, mkono huinuka, na ule mpira wenyewe ndio unaosokotwa baina ya mirija miwili, kisha hurejea ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo bushi ya namna hii haitaki grisi, wala haina pa kuitia.

Mambo yanayoiharibu

Adui wa kwanza ni umri. Hewa yenyewe huukausha mpira ukapasuka nyufa, hata kama motokaa imekaa bandani bila kutembea. Adui wa pili ni mafuta: injini ivujayo mafuta juu ya bushi huulainisha mpira, ukavimba na kuachana na chuma chake. Wa tatu ni barabara za mashimo na matuta, na mzigo uliopita kiasi. Na kwa sisi tukaao pwani kuna wa nne, nao ni kutu ya chumvi. Kutu hii hushikamanisha bolti na mrija wa ndani hata fundi akatoka jasho kuzitenganisha.

Dalili zake

Motokaa haina ulimi, lakini husema. Ukisikia mlio wa kugonga upande wa mbele unapopita kwenye shimo dogo kwa mwendo wa polepole, au mlio mmoja mzito kila ukanyagapo breki na kila uondokapo, shuku bushi. Ukiona usukani unatangatanga kwenye barabara iliyonyooka, ukawa huna budi kuurekebisha kila mara, shuku bushi. Motokaa ikivutwa upande mmoja wakati wa breki, shuku bushi pamoja na breki zenyewe. Na tairi likilika ukingo mmoja, ilhali ukingo wa pili ungali na meno, hapo mambo yamekwisha fika mbali.

Dalili hii ya tairi ndiyo iwapotezayo watu fedha. Mtu hununua tairi jipya, baada ya miezi michache limekwisha, akalaumu kiwanda cha tairi, akanunua jingine. Kumbe bushi imelegea, na kila akanyagapo breki mkono husogea nyuma na gurudumu huacha mstari wake. Kumvika motokaa ya namna hiyo tairi jipya ni kutwanga maji kwenye kinu. Na hasara ya fedha ni nyepesi ukiilinganisha na ya pili: siku mtoto atakapokatisha njia ghafla, baba akakanyaga breki kwa nguvu, na motokaa ikaelekea asikotaka.

Lakini haifai kuhukumu kwa sikio peke yake, kwani vitu vingine hugonga vile vile. Inua upande mmoja wa mbele, uweke juu ya stendi. Lishike gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, tazama bolijointi na beringi. Lishike kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, tazama ncha za tairodi. Kisha chukua tochi uzitazame bushi zenyewe. Nyufa ndogo za juu juu ni uzee tu. Lakini mpasuko wa ndani, mpira ulioachana na chuma, au mrija wa ndani ulioegemea upande mmoja badala ya kuwa katikati, hizo ni bushi zilizokufa. Mwisho ingiza mtaimbo mfupi baina ya mkono na fremu, usukume polepole. Mpira mzima hupinda kidogo na kurudi. Uliokufa huacha chuma kikagonga chuma.

Kununua vipuri

Yapo mashauri mawili. La kwanza ni kununua bushi peke yake. La pili ni kununua mkono mzima uliokwisha tiwa bushi mpya, na pengine bolijointi pia. Bushi peke yake ni rahisi kwa bei, lakini yataka kazi ya kuitoa ya zamani na kuisukuma mpya. Mkono mzima ni ghali zaidi, lakini kijana asiye mzoefu aweza kuufunga kwa nusu siku. Ikiwa mkono wako umeliwa na kutu au umepinda, usihangaike na bushi, nunua mkono.

Uendapo dukani, iwe Gerezani au Kariakoo mjini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road mjini Nairobi, chukua kipuri cha zamani mkononi, au walau namba ya chesisi. Bushi mbili zaweza kufanana machoni zikahitilafiana kwa milimita moja tu, na milimita hiyo yatosha kuifanya isiingie au icheze. Zipo pia bushi za plastiki ngumu iitwayo poliyurethini. Hizo hudumu, lakini hupitisha mtikisiko zaidi ndani ya gari, na nyingi kati yake hutaka grisi yake maalumu. Kwa motokaa ya nyumbani bushi nzuri ya mpira yatosha. Na badili kushoto na kulia kwa pamoja, kwani zimetembea mwendo mmoja, na ukibadili upande mmoja gari litakuwa na mguu mzima na mguu mchovu.

Vyombo na usalama

Utahitaji jeki, stendi mbili za chuma, kabari za kuzuia magurudumu ya nyuma, bokisi spana za 14, 17 na 19, bomba refu la kuongeza nguvu ya spana, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, nyundo, msumeno wa chuma, rula ya utepe, na rangi kidogo ya kutia alama. Kwa kusukuma bushi utahitaji jiliwa imara, au fimbo ya chuma yenye hesi pamoja na nati zake, washa nene na vipande vya bomba. Ukipata spana ya kupimia nguvu ya kukaza, azima hata kama huwezi kuinunua.

Jambo la usalama twalisema kwa msisitizo. Jeki ni chombo cha kuinulia. Si chombo cha kushikilia motokaa mtu akiwa chini yake. Watu wamekufa kwa kuisadiki jeki. Tafuta sakafu ngumu iliyo sawa, si mchanga wala udongo wenye maji. Zuia magurudumu ya nyuma kwa kabari, vuta breki ya mkono, inua, weka stendi mahali palipokusudiwa na mtengenezaji, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama limetulia. Matofali na mawe hayafai, hupasuka bila taarifa. Wala asifanye mtu kazi hii peke yake nyumbani pasipo wa kumsikia akiita. Watoto wadogo wazuiwe kucheza karibu.

Kazi yenyewe

Kabla ya kuinua chochote, motokaa ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, pima kwa rula kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake. Andika kipimo hicho. Utakihitaji mwishoni.

Usiku wa kuamkia kazi nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote utakazozifungua. Asubuhi legeza kidogo nati za gurudumu gari likiwa chini, kisha inua, weka stendi, ondoa gurudumu. Fungua linki ya stabilaiza ikiwa imefungwa katika mkono ule. Kwenye Corolla tulizozitaja bolijointi imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili. Ukizifungua hizo mkono huachana na gurudumu bila kuipigapiga bolijointi yenyewe. Gari lako likiwa la namna nyingine, ambayo bolijointi haina budi kung'olewa, tumia chombo chake maalumu, na usiipige hesi yake kwa nyundo. Kisha fungua bolti za bushi upande wa fremu, utoe mkono wote nje. Jihadhari gurudumu lisining'inie kwa bomba la breki. Lifunge kwa waya.

Mkono ukiwa mezani, usikimbilie nyundo. Kwanza tazama bushi ya zamani imekaaje. Bushi nyingine zina matundu au nafasi ndani ya mpira, na nafasi hizo zimeelekezwa upande maalumu ili mkono ulegee kidogo kwa mbele na nyuma, na ukaze kwa kushoto na kulia. Tia alama ya rangi kwenye mkono kuonyesha zilikoelekea, na upime bushi imeingia kwa kina gani.

Kuitoa, weka kipande cha bomba kipana upande mmoja ili bushi iingie ndani yake, na upande wa pili weka washa au bokisi spana ambayo kipimo chake ni kidogo kuliko tundu. Pitisha fimbo yenye hesi katikati, kaza nati polepole, na bushi itatoka. Ikikataa, toboa mpira kwa keekee uuondoe, kisha ukate mrija wa nje kwa msumeno kwa uangalifu, usilijeruhi tundu la mkono. Wapo wauchomao mpira kwa moto. Sisi hatushauri hivyo, kwa kuwa moshi wake ni sumu na moto karibu na motokaa ni hatari.

Safisha tundu kwa msasa mpaka ling'ae. Bushi mpya yafaa kulazwa katika friza usiku mmoja, kwani chuma hunywea kidogo kwa baridi na kuingia kwake huwa kwepesi. Paka maji ya sabuni, si mafuta ya injini wala grisi ya kawaida, maana hizo huula mpira. Iweke sawa na alama zako, kisha isukume kwa kukanyaga mrija wa nje peke yake. Ukiisukuma kwa mrija wa ndani utaurarua mpira kabla bushi haijatembea hata maili moja. Ikianza kuingia upande, simama, itoe, uianze upya.

Wakati wa kukaza bolti

Rejesha mkono mahali pake, tia bolti zote, ukaze za bushi kwa vidole tu. Funga bolijointi na linki kama kawaida, ukitumia nati mpya pale ambapo za zamani zilikuwa za kujifunga. Hapa ndipo wengi huteleza. Gari liko juu ya stendi, mkono umening'inia chini, spana iko mkononi, na mtu huona wepesi kuzikaza bolti za bushi pale pale. Asifanye hivyo.

Kumbuka tulivyosema: mrija wa ndani ukibanwa hauzunguki tena, na mpira husokotwa kuanzia pale ulipobanwa. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, basi hali ya kuning'inia ndiyo itakuwa hali ya mapumziko ya bushi. Utakapoishusha motokaa, mpira utasokotwa, nao utabaki umesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limelala bandani. Kila shimo litauongezea msokoto juu ya msokoto. Nimewahi kuona bushi mpya, zilizofungwa na gereji moja ya mjini ambayo sina haja ya kuitaja, zikipasuka kabla ya miezi mitatu. Mwenye gari alimlaani mwuza vipuri akasema kamwuzia bandia. Tulipozifungua tukaona mpira ulikuwa wa kutosha na mzuri, ila umeraruka kwa duara pande zote, alama ya kusokotwa kupita kiasi. Alinunua nyingine kutoka duka lile lile, zikafungwa kwa utaratibu, na zimepita mwaka wa tatu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Rudisha magurudumu, shusha gari, likae kwa uzito wake. Libonyeze mbele mara kadhaa kwa mikono, ulisogeze mbele na nyuma hatua chache ili magurudumu yatulie. Sasa ndipo ukaze bolti za bushi, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari lako. Ikiwa hupati nafasi ya kuingiza spana gari likiwa chini, liache juu ya stendi, uweke jeki chini ya mkono karibu na bolijointi, uinue polepole mpaka kile kipimo ulichoandika, cha katikati ya gurudumu hadi madigadi, kirejee vile vile. Hapo kaza. Ndiyo faida ya ile rula ya asubuhi.

Baada ya kazi

Kwa kuwa mkono umetoka na kurudi, magurudumu huenda yakawa yamehama kidogo. Peleka gari lipimwe alaimenti, la sivyo tairi litaendelea kulika na utadhani kazi yako haikufaa. Jaribu breki mahali patupu kabla ya kupakia watu. Na baada ya siku chache za safari zikague bolti zote tena.

Akiona mzazi kuwa bolti hazifunguki kwa kutu, au mahali pa bushi kwenye fremu pametoboka, au motokaa yake ina springi ambayo haina budi kubanwa ili kazi iendelee, na amwachie fundi. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya ufundi. Lakini hata akienda kwa fundi, sasa anajua la kuuliza: "Bolti hizi utazikaza gari likiwa juu au chini?" Jibu la swali hilo litamwonyesha ni fundi wa namna gani.

Enyi vijana, kazi hii yachafua mikono lakini haimshushi mtu heshima. Aliye na motokaa ya nyumbani na baba aliye tayari kumwachia spana amepata darasa lisilo na ada. Na ninyi wazazi, msiiuze motokaa yenye bushi zilizokufa kwa mtu asiyejua, mkanyamaza. Mwambieni, naye ataamua bei. Watu wanaopanda ndani ya gari ni amana mikononi mwa mwenye usukani, na mnunuzi wa kesho ana watoto kama wenu. Basi jioni hii, kabla jua halijachwa, chukua tochi, uiname, utazame.